Wiki Niliyokuwa Tamsin Okerlund

Jumatatu, 18 Februari

Miaka minne kwenye timu ya kikapu ya chuo. Dakika nilizocheza: sifuri. Jumamosi ni mechi ya mwisho nyumbani, kisha nahitimu na shahada yangu ya falsafa, basi. Baba ameendesha gari mwendo wa saa nne kuja na saa nne kurudi, kila mechi ya nyumbani. Ananitazama nikigawa taulo, anarudi kwa nguruwe wake. Nataka anione uwanjani mara moja. Siombi kufunga. Anione nikikimbia tu, hata kama ni kukimbia vibaya.

Mimi na Marnie Kubik ndio wa kujileta. Hakuna aliyetuita, hakuna anayetulipia ada. Tulikuja kwenye majaribio tukabaki, kama paka. Kazi yetu ni kuwa wapinzani. Kila wiki tunajifunza timu inayokuja, ili akina Jolene Batiste, wale wanaolipiwa, wapate wa kufanyia mazoezi. Msimu huu nimeshakuwa watu ishirini na sita. Leo Kocha Beckwith kanipa wa Jumamosi: Tamsin Okerlund, nyota wa Marlbeck. Anatumia mkono wa kushoto. Anatafuna kola ya jezi.

"Usimwigize," kocha kasema. "Kuwa yeye."

Sidhani kama anajua amemwambia hivyo mtu wa namna gani.

Jumanne, 19 Februari

Nimetazama mechi zake tisa. Kabla ya kurusha anapumua kama mtu anayesamehe. Nimepiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Fizi zimetoka damu.

Marlbeck wana mchoro wa kushambulia wanaouita Ghala. Mwenye mpira akipaza sauti "Ghala", Okerlund anakimbilia kona ya kushoto, anapokea, na papo hapo anampasia mchezaji wao mrefu anayekatiza chini ya kikapu. Tumeufanya mara arobaini. Tumefunga thelathini na moja. Jolene kanuna: "Wee Annelise, si ungepunguza kidogo?" Nikamwambia Okerlund hapunguzi.

"Dada," Marnie akaninong'oneza, "siku hizi unaitwa nani?"

Yeye yuko kwenye shangwe zake za benchini. Anazo kumi na nne, na zote zina majina. Mpya ni Trekta Lililokwama. Mimi ndiye trekta.

Jumatano, 20 Februari

Kola za fulana zangu zote zimelowa.

Alhamisi, 21 Februari

Kwenye semina profesa kauliza ni nini kinachomfanya mtu abaki kuwa yuleyule. Nikanyoosha mkono. Wa kushoto. Nikaushusha.

Baba kapiga simu. Watakuingiza Jumamosi? Nikamweleza tena: tukiongoza kwa ishirini, wanafunzi wanaanza kuimba majina yetu sisi wa mwisho wa benchi, na huenda kocha akalegea.

"Na msipoongoza?"

"Basi nitakaa."

"Benchi nalo linataka mtu," kasema. Nguruwe wakasikika kwa muda. Halafu: "Shangazi yako ameniuliza kama unacheza kweli au ulipewa jezi tu. Nimemwambia unacheza."

Nimekaa na hilo neno jioni nzima. Unacheza.

Ijumaa, 22 Februari

Theluji. Mimi na Marnie tumekaa kitandani kujaribu kukumbuka michoro ya timu yetu wenyewe. Tumekumbuka mitatu. Miwili ilikuwa ya Marlbeck.

Jumamosi, 23 Februari — chooni, chumba cha kubadilishia nguo, mapumziko

Naandika nyuma ya karatasi ya michoro. Kwa mkono wa kulia, angalau.

Jolene kapigwa kiwiko puani. Wawili wana faulo tatu tatu, mmoja anaumwa tumbo. Tulikuwa nyuma kwa sita. Kocha akaangalia benchi lote mara mbili, kama mtu aliyefungua friji akitumaini safari hii kutakuwa na kitu.

"Hruska." Ndiye mimi.

Zilibaki sekunde arobaini na moja kabla ya mapumziko. Kabla ya chochote nikamtafuta baba. Safu ya nne: koti lake lipo, kofia ipo. Baba hayupo.

Kisha mtu wa Marlbeck akapaza sauti: "Ghala."

Naapa sikuamua. Miguu iliondoka. Nilifika kona ya kushoto kabla ya Okerlund mwenyewe, naye akaja akanikuta. Tukasimama kama watu wawili mlangoni pa bafu moja.

"Hapa ni pangu," kasema, kola mdomoni.

"Najua," nikasema. Kola mdomoni.

Mpira ukaja, nikaudaka mimi. Ukumbi mzima ukasimama. Nimewanyang'anya Marlbeck mpira! Na papo hapo nikaupasia, kwa mkono wa kushoto, pasi safi kuliko zote nilizowahi kutoa, kwa mrefu wao anayekatiza chini ya kikapu. Akafunga. Akanishukuru.

Tuko nyuma kwa nane.

Ujumbe wa baba: "Niko foleni ya supu na andazi la mdalasini. Watu wanapiga kelele huko. Kuna nini?"

Nimeiweka simu juu ya karatasi ya choo.

Mtu anagonga. Kocha.

"Hruska, uko humo?"

"Ndiyo, Kocha. Samahani."

"Samahani baadaye. Wakiita Daraja, nani anakwenda wapi?"

Nimemwambia. Akauliza Kinu. Nimemwambia. Akauliza Okerlund akibanwa anafanyaje. Anazungukia kulia, nimesema, ila hapendi; akishazibwa huko hurusha ovyo.

Sauti ya Jolene, pamba puani: "Kocha, huyu ametufunga kwa hayo wiki nzima."

"Na michoro yetu wenyewe unaijua?" kocha kauliza.

"Hapana."

"Ukipata mpira, mpe yeyote mwenye jezi nyeupe. Unaanza kipindi cha pili. Toka."

Zimebaki dakika tatu. Ujumbe mwingine wa baba: "Maandazi yamekwisha. Wanasema yanakuja ya moto. Nasubiri."

Nimemwandikia arudi kitini. Hajasoma. Hasomi akiwa foleni. Anaongea na watu habari za bei ya mahindi.

Nimemwita Marnie kwa chini ya mlango, akamlete baba. Mzee mrefu, shati la miraba, hana koti.

"Na akikataa?"

"Mbebe."

Viatu vyake vinakimbia kwenye korido. Kocha anauliza Kubik anakwenda wapi. Sasa ananihesabia mimi, kuanzia kumi. Nafunga kamba ya kiatu kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Polepole. Amefika sita, na bado nina kiatu cha pili.