Alama Ndani ya Kola

Tarehe 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama kwenye cherehani? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anasema kaka gani huyu asiyepiga simu. Mimi nakuandikia kwa sababu simu inanibabaisha, unanijua.

Matokeo yametoka. Nimefeli. Majibu mengi nilikuwa nayo, lakini kwa lugha ya nyumbani. Kwa lugha ya shule yalinikwama. Shangazi alipofika hata kukaa hakukaa. Alichukua karatasi yangu akaisoma kwa sauti mbele ya wageni, somo baada ya somo. Kisha akasema, "Haya, Ziro, tuletee maji." Wakacheka. Nikaleta maji, Mjomba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: niliyaleta. Siku hizi hata watoto wa jirani wananiita Ziro.

Sasa sikia. Nimeanza kujifunza kwa fundi wa mtaa wa nyuma, na jana Shangazi kaleta kitambaa cha gauni. Ni la sherehe ya mwanawe, yule anayekwenda kusomea udaktari. Akamwambia fundi, "Ziro asikiguse." Alipotoka tu, fundi akanisogezea mkasi: "Kata wewe. Macho yangu yamechoka, na miili minene unaipatia kuliko mimi."

Nitakata. Nitashona vizuri kote, ila ubavuni nitapiga bandi tupu, zile nyuzi za kushikizia. Akinyanyua mikono kucheza, paa! Niambie tu, bandi ya urefu gani inastahimili kukaa lakini haistahimili kucheza? Wewe unajua.

Mpwa wako


Tarehe 15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mwambie mama yako kaka yake yu hai, ni uvivu tu.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Ndiyo, urefu wa bandi hiyo naujua. Hukuwahi kujiuliza kwa nini naishi huku mbali? Nilipoacha ualimu nikashika cherehani, aliyekuwa mwalimu mkuu wangu aliniita "Profesa wa Viraka" kila nilipopita. Siku moja akaniletea suruali. Makalioni nikaiachia bandi tupu. Ilipasuka akiinama kumpa mwanafunzi zawadi, wazazi wote wakitazama. Raha niliyoipata, sikudanganyi, nilikaa nayo wiki nzima. Halafu nikaona haji mtu. Wateja wachache waliobaki walikuwa wanaivuta mishono yangu kwanza ndipo wavae. Nikahama.

Kumchukia shangazi yako sikukatazi. Mchukie mpaka ushibe. Ila kazi yako usimpe aiharibu yeye.

Mjomba wako


Tarehe 24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua imefika, lakini bandi nimeshapiga. Jana alikuja kujipima, akajizungusha mbele ya kioo, akamwambia fundi, "Kazi ya mtu mwenye akili zake inaonekana." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, pini mdomoni. Sherehe ni Jumamosi. Usinijibu.

Mpwa wako


Tarehe 12 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Wote wazima hapo? Umesema nisijibu, nimejizuia mpaka nimeshindwa. Nimempigia mama yako, anacheka tu, hasemi. Limepasuka au halikupasuka?

Mjomba wako


Tarehe 20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Mgongo je? Mimi mzima, vidole tu vimechomwachomwa na sindano.

Halikupasuka. Usinisifu, haikuwa huruma. Ijumaa fundi aliniambia, "Umekata wewe, umeshona wewe, tia alama yako." Kwake ndivyo ilivyo: anayefanya nguo peke yake tangu chaki hadi pasi, ndiye anayetia alama ndani ya kola. Ilikuwa yangu ya kwanza. Nikachukua uzi mwekundu nikatarizi ZIRO. Kisha nikaitazama ile bandi ubavuni, mikono ikagoma. Likipasuka, linapasuka na jina langu. Nikafumua pande zote mbili, nikapiga mshono mara mbili.

Siku yenyewe Shangazi aling'aa, lazima niseme. Wanawake wakamzunguka. "Wifi, gauni hili umelitoa wapi?"

"Mwanangu kaniagizia ng'ambo."

Mmoja akamgeuza kola nyuma, unawajua wanavyopenda kuhakikisha. "Zi-ro. Kumbe! Ndiyo duka gani hilo?"

Shangazi akageuka, akaniona nimesimama na sinia la vikombe. Mjomba, mimi huyu, ambaye darasani nilishindwa hata kusema "nipo" mwalimu akiita majina, nikasema, "Ni mimi." Nikaongeza, "Jina kanipa yeye."

Shangazi akairudisha kola haraka, akaishikilia hapo shingoni kwa mikono miwili. Nilifurahi. Bado nafurahi, nikiamka naikumbuka ile mikono kabla ya kupiga mswaki. Na watatu kati ya wale wanawake wameshaleta vitambaa.

Watu wananiuliza nitarudia mtihani lini. Nasema sijui, na kweli sijui, na halinisumbui kama zamani. Nikikaa kwenye cherehani kichwa kinatulia. Sijui nikuelezeje, wewe mwenyewe unakaa hapo kila siku.

Jana Shangazi akaja, akaweka kitambaa mezani. "Shona. Lakini hicho kijialama chako usiweke."

Nikamwamkia kwanza, kwa adabu zote. Kisha nikasema, "Bila alama sishoni, Shangazi."

Kaondoka, kitambaa kakiacha. Nimekikunja vizuri, kipo pembeni ya cherehani. Akirudi kunibembeleza, aniite kwa jina alilonipa mwenyewe, mbele ya wateja. Sina haraka.

Mpwa wako