Mzazi Hajambo

Jumatatu, 7 Julai

Maji ya kumkanda Rukia nimechemsha mimi. Uji mimi. Nepi mimi. Mgongo waniuma. Mwanangu kalala anatazama ukuta, mtoto alia ubavuni mwake, hageuki. Mumewe yuko safarini na lori. Uzazi si ugonjwa. Mimi nimezaa sita na hakuna aliyenibembeleza.

Kadzo kaja tena, yule Mgiriama, mhudumu wa afya anayepita majumbani. Nimemkalisha sebuleni. Chumbani mwa mzazi haingii mgeni mpaka arobaini ya uzazi itoke. Kauliza, mzazi hajambo? Hajambo, alhamdulillahi. Anakula? Anakula. Analala? Analala. Mtoto nimemtoa mwenyewe, kampima, kaongeza uzito. Kanywa chai, lakini hakuondoka upesi. Ananitazama tu.

Alitaka nijibu nini? Mtu akikuuliza hali unajibu njema. Hata ukiwa na maiti ndani, kwanza ni njema.

Jumatano, 9 Julai

Hakula. Supu ya pilipili manga imepoa, imeshika utando. Nimefukiza udi.

Na uani, penye kisima, hataki kupita na mtoto. Akienda chooni lazima kwanza ampe mtu, hata jirani. Uvivu. Nimemsema mpaka sauti ikanikauka. Hakunijibu hata neno. Rukia huyu, mwenye mdomo kunishinda mimi!

Hilo limenitia hofu kuliko kilio.

Jumamosi, 12 Julai

Nilikwenda sokoni Mwembe Tayari kununua kuku, mtoto nimemwachia jirani. Narudi, viatu vya Kadzo mlangoni. Yuko ndani chumbani! Kakaa sakafuni, mkoba kauacha sebuleni. Rukia analia huku anasema. Niliwaka.

"Wewe mwanamke, kwenu hakuna arobaini? Nani kakufungulia?"

"Mimi, mama," Rukia kasema. "Mimi si mzima."

Mbele ya mgeni! Nilitaka kumziba mdomo.

Kisha kasema la kisima. Kila akipita uani na mtoto, fikra inamjia amtupe mle. Hataki. Yuwaogopa mikono yake mwenyewe.

Kuku bado nilikuwa nimemshika miguu.

Kadzo hakushtuka. "Mama, huu ni ugonjwa. Huwapata wazazi wengi, na una dawa. Asiachwe peke yake, wala na mtoto. Twende hospitali sasa hivi."

Nikamwambia arobaini haijatoka.

"Ikitoka utataka umkute hai, mama."

Ulimi kama wembe. Nimemvalisha Rukia buibui, nikavaa langu. Tumepanda tuktuk.

Jumapili, 13 Julai

Kapewa dawa, na mama mmoja wa kuzungumza naye kila wiki. Nalala na Rukia chumba kimoja, mtoto kwangu.

Fundi kaja kufunika kisima. Mbao, bawaba, kufuli. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la leso. Tangu enzi za mama yangu kisima hiki hakijafungwa. Na mimi nikasema uvivu. Mwanangu alikuwa akimlinda mtoto wake, mimi namtukana.

Wanawake wa mtaani wamenishika njiani. Mbona mzazi katolewa kabla ya siku zake? Ati hajambo? Nimewajibu hajambo wapi, mgonjwa. Wametoa macho. Watoe.

Jumatano, 23 Julai

Siku mbaya. Rukia kalia tangu asubuhi, dawa kaitema. Nimempigia Kadzo, kaja na mvua. Kasema ugonjwa huu hauponi kama mafua. Basi. Nimechoka hata kugomba.

Alhamisi, 31 Julai

Leo Rukia kamuogesha mtoto mwenyewe. Kadzo na mimi tulikuwa mkekani. Maji kayatia mengi mno, chumba kizima kimerowa. Sabuni imemuingia mtoto machoni, ukelele wake umefika barabarani. Rukia kaniangalia. Kadzo kaniangalia.

Mikono nimeikalia, isimpokonye mtoto.