Injini ya Kusukuma Karatasi

Mbeya, Alhamisi, 1959

Anyitike, nimejiaibisha! Mbele ya watu! Naandika kwa penseli juu ya boneti ya lori la Mrisho, anakuja huko Iringa sasa hivi.

Unakumbuka lile gazeti lenye habari za injini ya umeme ya kusafiria kwenda sayari nyingine? Leo nimesimama ukumbini kuieleza. Na nani kakaa mbele? Mzee Saulo, baba yake Tupokigwe! Kichwa kikavimba. Nikasema injini hiyo itakula umeme mwingi kuliko taa zote za Mbeya.

Mzee akauliza, "Na inasukuma kwa nguvu gani, mwalimu?"

Mjinga mimi nikasema kweli. "Kama uzito wa karatasi moja kiganjani."

Karatasi, Anyitike! Umeme wa mji mzima, karatasi! Watu walicheka mpaka benchi likaanguka.

Nikajitetea, jasho linanitoka: "Lakini haipumziki! Inasukuma kidogo kidogo miaka miwili, mwisho inazipita roketi zote."

Mzee hakucheka. "Na wewe unamzungukia binti yangu tangu lini?"

Kumbe anajua!

"Miaka miwili, baba."

"Umefika wapi?"

"Bado nasukuma, baba."

Nilisema hivyo! Kwa mdomo wangu huu! Bado nasukuma!

Akavaa kofia yake. Mlangoni akageuka: "Jumapili lete mshenga. Mimi sina miaka mingine ya kungoja."

Mshenga ni wewe. Mrisho anarudi Jumamosi, panda lori lake. Na tukifika kwa mzee, nakuomba, usiniache niongee.

Gideoni