Sauti Ndani ya Helmeti

Erie, Pennsylvania
Agosti 24

Kaka yangu mpendwa Emil,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Noreen. Natumaini goti lako jipya limekubali kukubeba, na kwamba Shemeji Rosalie bado anakukataza kupanda ngazi kusafisha mifereji ya paa. Sisi huku tu wazima wa mwili. Noreen amepata zamu ya mchana hospitalini, kwa hiyo siku hizi tunaonana. Joto limezidi, ziwa limetulia, na mji mzima hauna mazungumzo mengine ila mpira wetu huu wa Kimarekani.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, Kaka. Ungesema, "Len, subiri kwanza," nami ningesubiri, kisha ningeogopa na kuanza kukueleza habari za mvua. Kwenye karatasi huenda nikafika mwisho.

Katika kadi yako ya Pasaka uliniuliza ni nini hasa kilichompata Lane Hudak. Uliandika kwamba tangu arudi huko nyumbani anakuja kwenu karibu kila Jumapili baada ya misa, anakaa kwenye kiti chake kile kile cha zamani, na Rosalie akimwuliza kama anataka kahawa au chai anajibu, "Chochote tu." Ukasema magazeti yanadai aliingiwa na woga, au fedha zilimlevya, na wewe huamini hata moja. Usiamini. Sikukujibu kwa sababu jibu ninalo mimi.

Unakumbuka alivyokuwa alipotoka mikononi mwako. Ulimfundisha kazi ya urushaji kwenye meza ya jikoni kwa vizibo vya bia. Ulivipanga kama walinzi wa timu pinzani, ukamwuliza huyu anakwenda wapi, yule anajifanya anakwenda wapi, na mpira utamrushia nani. Asipojua, hukumwambia. Haluski, yale madonge ya unga na kabichi, zilipoa kwenye sahani, Rosalie akakulaumu kwamba unamtesa mtoto wa watu, nawe ukamjibu kwamba mrushaji akiambiwa mara moja atataka kuambiwa kila siku. Hata uwanjani hukumpigia kelele kutoka pembeni. Timu yako ya sekondari ilifungwa vibaya mwaka ule wa kwanza, wazazi wakakuzomea, na asubuhi ukakuta mtu amechomeka bango la "Nyumba Inauzwa" kwenye majani mbele ya mlango wako. Ulilichukua ukazibia dirisha la banda la kuku. Mwaka uliofuata Lane alikuwa anaona kila kitu.

Timu yetu ya kulipwa hapa Erie, nikiwa kocha msaidizi, ilipomchagua kutoka chuo kikuu, mimi ndiye niliyekupigia simu. Ulilia, kisha ukasema ni mafua. Uliniomba kitu kimoja tu, kwamba nisimharakishe.

Nami sikumharakisha, kwa wiki chache. Lane alikuwa mzito kidogo kuamua. Wachezaji wa ngazi hii wana mbio kuliko wale aliowazoea, na kila alipomaliza kuwasoma alikuwa amekwisha kuangushwa chini. Lakini alikuwa anasoma, Kaka. Aliinuka na matope usoni, akaja pembeni na kunieleza kwa simu ya benchi, mimi nikiwa juu ghorofani, sawasawa ni nini alichokiona na amechelewa wapi. Tulikuwa tunafungwa kila Jumapili. Watu walikuja uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi vichwani ili wasitambulike kuwa ni mashabiki wetu. Duka la donati lililoko karibu na uwanja lilianza kuigawa mifuko hiyo bure.

Kocha mkuu wakati ule alikuwa Vandiver, unamjua kwa jina. Aliniita ofisini akafunga mlango. Aliniuliza yule kijana wa milimani atafumbua macho lini. Nikamwambia ampe muda, pengine miaka miwili. Alicheka mpaka akakohoa. "Len, mzee wangu, mimi mwenyewe sina miaka miwili," akasema. "Mimi nina mpaka Krismasi. Baada ya hapo wewe na mimi tutakuwa tunauza magari."

Shule za sekondari hazina redio kwenye helmeti, kwa hiyo nikueleze inavyofanya kazi. Kocha mmoja ana kitufe. Akikibonyeza, sauti yake inaingia sikioni mwa mrushaji peke yake. Anampa mpango wa shambulio, na saa inahesabu kurudi nyuma. Zikibaki sekunde kumi na tano kabla ya mpira kuanzishwa, redio inajikata yenyewe. Nia ya sheria ni kwamba kocha aseme yake kisha anyamaze, na mrushaji awasome walinzi kwa macho yake. Kitufe hicho nilikuwa nacho mimi, nikiwa juu ghorofani nyuma ya kioo, mahali unapouona uwanja wote.

Nikabuni ujanja. Niliwafundisha vijana wetu kukimbilia mstarini, pale mpira unapoanzishwa, mapema, redio ikiwa bado hai. Walinzi wakilazimika kujipanga haraka, wanaonekana wazi kutoka juu. Basi mimi ndiye niliyewasoma, na Lane nikamwambia. Kulia kwako, Lane. Huyo wa pembeni anajifanya tu, atarudi nyuma. Mtazame Pruitt, mrushie. Naye akamrushia mdakaji wetu huyo, na wewe unaujua mkono wa Lane. Sheria haikuvunjwa hata moja.

Tulishinda. Tuliendelea kushinda mpaka theluji ikaanguka. Mifuko ya karatasi ilipotea, samaki wa Ijumaa nikala bure kila baa niliyoingia, na mwenye timu, Bi Ostrander, akaja kwenye chumba cha kubadilishia nguo na koti lake la manyoya akamkumbatia Lane akiwa bado ana jasho. Vandiver alinipiga mgongoni akasema kumbe huyu mtoto alikuwa na akili, ilikuwa imelala tu. Sikumrekebisha.

Sitakuficha kitu, Kaka. Sijawahi kufurahi katika maisha yangu kama msimu ule. Wewe unajua mkono wangu uliishia wapi, benchi la chuo kidogo ambacho hata jina lake hakuna anayelikumbuka. Sasa nilikuwa na mkono wa Lane na macho yangu mwenyewe, na watu maelfu wanasimama. Lane aliacha kuja mapema kutazama mikanda ya wapinzani. Tulipoketi kutazama pamoja, alisubiri mimi niseme kwanza. Nililiona jambo hilo. Nilidhani ni heshima, nikalipenda.

Halafu wakaja timu ya Omaha, kwenye mechi za mtoano. Kocha wao ni mzee aliyekwisha kuona mengi. Alikuwa ametazama mechi zetu zote na saa mkononi. Walinzi wake walijipanga kwa namna moja, wakatulia, wakangoja. Mimi nikamwambia Lane kushoto. Redio ikakatika. Ilipokatika tu, wote wakahama. Niliwaona kutoka juu wakihama, Emil, nikabonyeza kitufe nikipiga kelele asirushe, asirushe, na hakuna aliyenisikia ila waliokaa nami chumbani. Lane akarusha kushoto, mikononi mwa mtu wa Omaha aliyekuwa amesimama pale anaungoja.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Kila redio ilipokatika, Lane aligeuka kutazama kioo chetu kule juu. Hakuwatazama walinzi waliokuwa mbele yake, alinitafuta mimi. Akiwa amegeuka hivyo wakamvamia na kumzika kwenye theluji. Vandiver alikuwa anafoka kwenye spika zangu za masikioni, "Len, mwambie kitu! Mwambie kitu basi!" Mwenzangu aliyekaa kando yangu ndiye aliyenivua zile spika kichwani.

Ligi nzima ilitazama mechi ile. Msimu uliofuata kila timu ilifanya kama Omaha.

Nilijaribu kumrudisha, usidhani sikujaribu. Nilinunua bia, nikahifadhi vizibo, nikavipanga mezani kwangu kama wewe. Nikamwuliza huyu anakwenda wapi. Hakukitazama kizibo, alinitazama mimi usoni ili aone ni jibu gani nitalipenda. Nikafunika uso kwa gazeti. Akasema, "Kocha, we niambie tu. Ukiniambia naweza." Nikamwambia, "Wakati mmoja ulikuwa unaona mwenyewe, kwa Emil ulikuwa unaona." Akajibu kwamba anakumbuka kuwa aliona, ila hakumbuki aliona vipi.

Siku moja tulikwenda kula mchana kwa gari lake. Ni njia anayoipita kila siku. Tulipofika kwenye njia panda ya kituo cha mafuta taa ilikuwa ya kijani, naye akasimama. Waliokuwa nyuma wakapiga honi. Mmoja alimtambua, akateremsha kioo na kupaza sauti, "Hudak, hata hapa unaangushwa?" Lane hakumjali. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani na amekigeuza kichwa kwangu. "Kushoto au kulia, Kocha?" akaniuliza. Kisha akajisikia, akacheka, akasema usingizi ni mwingi siku hizi. Mimi sikuweza kucheka.

Novemba tulikaa makocha wote kuamua kama atolewe. Niliwaomba wamweke benchi mwaka mzima, asivae redio kabisa, ajifunze upya kutoka mwanzo. Vandiver hakunikasirikia. Aliniuliza kwa upole nani kati yetu atakuwepo mwaka huo mzima ukiisha. Akampanga tena Jumapili ile, na Jumapili iliyofuata. Alipomtoa hatimaye, katikati ya mchezo, uwanja wote ulishangilia. Lane akaketi na helmeti kichwani mpaka mechi ikaisha, ingawa redio yake ilikuwa imekwisha kuzimwa.

Machi timu ilimwachia aende zake. Alikuja kwangu na gari lake limejaa masanduku. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na laiti angenitukana. Alinipa mkono akanishukuru kwa yote niliyomfanyia. "Samahani nilikuangusha, Kocha," akasema, akaondoka. Nilisimama barazani na soksi tu miguuni mpaka gari lake likapotea.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Vandiver alifukuzwa wiki hiyo hiyo. Bi Ostrander aliniita nyumbani kwake, akanikaribisha kahawa, akasema amefikiri sana. Akasema mtu aliyeweza kushinda mechi zote zile akiwa na kijana asiyejua kitu ndiye mtu anayemtaka. Hayo ndiyo maneno yake, asiyejua kitu. Hapo ndipo ningeweza kusema kwamba kijana yule alikuja kwetu anajua, na mimi ndiye niliyemwondolea alichokijua. Kikombe kilikuwa mkononi. Nilimshukuru, Kaka. Mimi ndiye kocha mkuu wa Erie. Utakuwa ulisoma gazetini ukangoja nikuambie mwenyewe.

Tumemchagua kijana mwingine, Kellen Fontenot, kutoka Louisiana. Mkono wake ni mzuri kuliko wa Lane. Mama yake alimleta mwenyewe, akanishika mikono yote miwili akaniambia mtoto huyu huwa anafikiri taratibu lakini hufika, nisimwache apotee. Nikamwapia. Kitufe nimekiweka kwangu, na nilijiambia safari hii nitampa mpango kisha nitafunga mdomo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa mechi ya majaribio, mechi isiyohesabiwa popote, nami sasa nasimama chini pembeni ya uwanja. Nilinyamaza. Kellen akaangushwa. Nikanyamaza tena, akarusha mpira ukaenda nje. Nyuma yangu mtu mmoja jukwaani alikuwa amekwisha kuvaa mfuko wa karatasi, na wenzake wanamcheka. Kellen alikwenda mstarini mapema, akatazama kushoto, akatazama kulia. Alikuwa anakaribia kuona, Emil. Niliijua ile shingo, ndivyo Lane alivyokuwa anaiweka. Alihitaji muda kidogo tu. Na kidole changu kikabonyeza, nami nikasikia sauti yangu ikimwambia katikati, Kellen, yule mrefu, sasa hivi.

Alirusha. Yule mrefu akadaka akakimbia mpaka mwisho, na watu wakasimama. Kellen alikuja mbio pembeni akanikumbatia na kuninyanyua kutoka ardhini. "Umeonaje ile, Kocha? Umeonaje?" akawa anauliza, na macho yake yamejaa shukrani. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba nilikuwa na furaha kweli kweli. Nilirudi nikaendelea kumwambia mpaka mechi ikaisha.

Usiniandikie kwamba naweza kuacha. Najijua. Jumapili nitamwambia tena, na ijayo, na tutashinda, mpaka siku mzee mwingine atakapokaa na saa mkononi. Nimefikiria kujiuzulu na kila asubuhi nimekwenda kazini kabla ya wenzangu wote. Nilitaka mtu mmoja duniani ajue, na nimekuchagua wewe kwa sababu wewe uliweza kukaa kimya huku nyumba yako ikitangazwa kuuzwa na mimi sikuweza hata kwenye mechi ya bure.

Noreen anawasalimu sana na anauliza kama Rosalie atatuwekea tena zile chupa za viazisukari vyekundu. Nisalimie Padri, nisalimie wale wanaokaa kwa kinyozi, na uwaambie kwamba tiketi zao nitazituma. Wabusu wajukuu.

Lane akija Jumapili, tafadhali usimpe salamu zangu. Akizipata atakuuliza nimesema afanye nini.

Ni mimi mdogo wako,
Leonard