Jiwe Jeupe la Mkwajuni

Isansa, Jumanne, 15 Machi 1983

Nimepalilia matuta matatu ya maharage, nikaacha. Nimekaza bawaba ya mlango wa jikoni. Nimesoma makala yangu mwenyewe ya zamani, nikakuta kosa la kujumlisha. Bado saa sita haijafika. Mama ananitazama tu. Anasema nimekuwa kiguu na njia tangu utoto.

Likizo hii sikuitaka. Maabara yangu Dar imesimama tangu Januari, siku fundi alipokuwa anafuta vumbi na fuwele ikadondoka sakafuni. Ilikuwa nyembamba kama ukucha, ikawa chenga. Fuwele ni jiwe ambalo atomu zake zimejipanga kwa safu zilizonyooka, mwanzo mpaka mwisho. Miale ya eksirei ikigonga safu hizo hutawanyika, kila mmoja kwa pembe yake, nami hupima pembe. Bila fuwele mashine yangu ni kabati la chuma. Mpya zinauzwa Ulaya kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazipo hata za dawa.

Mkuu wa idara hakuzunguka mbuyu. Muhula ukifunguliwa bila fuwele, mashine ifunikwe turubai, chumba wapewe watu wa nishati ya jua. Mimi nikafundishe mwaka wa kwanza, basi.

Miaka saba napima miale ya eksirei itokayo kwenye shaba; kila mwale hunichorea mstari. Ubavuni mwa mstari mkuu wa shaba kuna mistari miwili hafifu, ya atomu iliyopoteza elektroni mbili kwa mpigo. Mimi nasema ni miwili. Wenzangu wa Ulaya wanasema ni mmoja. Nataka kujua. Sitaki kitu kingine chochote.

Alhamisi, 17 Machi

Nimekumbuka nikiwa nakunywa uji. Mkwajuni! Dhahabu ya kule hukaa ndani ya jiwe jeupe. Wachimbaji hulitwanga lile lenye madoa ya kutu. Lile safi, linalopitisha mwanga kama kioo, halina dhahabu, wanalitupa. Na lile safi ndilo fuwele.

Uji umepoa, sijaumaliza. Mama anauliza nani ananifukuza. Kesho naondoka.

Mkwajuni, Jumapili, 20 Machi

Joto. Nimeletwa na lori la tumbaku kutoka Mbalizi, nimekaa juu ya magunia matupu, mgongo umekwisha.

Wachimbaji wamenicheka mchana kutwa. Nimepekua lundo la taka la Mzee Mwazembe, mwenye shimo, nikiinua kila jiwe juani. Mengi yana ukungu ndani. Mengine yana nyufa. Mzee alikaa pembeni akivuta kiko.

"Watu wote wanakuja hapa kutafuta njano," alisema. "Wewe mwenzetu unataka nyeupe. Nyumbani kwenu wanajua?"

Jioni nikalipata. Refu kama kiganja, pembe sita, ncha moja nzima kabisa. Ndani hamna kitu. Nilisoma mistari ya kiganja changu kupitia humo. Nikakaa chini mavumbini kama mtoto. Mzee akalikataa shati langu la pili nililompa, halafu akabadili mawazo, akalichukua.

Wanaosubiri nami lori la kurudi wameshajua wote. Daktari wa chuo kikuu amepata jiwe. Sikujali.

Isansa, Jumatano, 23 Machi

Macho hayatoshi. Jiwe laweza kuonekana safi na ndani yake likawa mawili yaliyoungana, safu zimepishana. Dawa ni kulipiga picha ya eksirei. Hospitali ya misheni ina mashine. Nimetembea kutoka barabara kuu, mvua yote yangu.

Mpiga picha ni Bi Edina, mwanamke mfupi asiye na haraka. Nilieleza. Akatazama jiwe, akatazama benchi la wagonjwa wanaokohoa.

"Huyu wako asubiri zamu," alisema. "Hana homa."

Nimesubiri. Kila mgonjwa alipoingia nilisimama, nikakaa. Naona aibu kuandika kwamba nilimchukia mzee mmoja kwa kuvua shati polepole. Filamu hospitalini ni chache, za vifua vya watu. Nilikuwa tayari kurudi mikono mitupu Bi Edina aliponipa kipande kilichoingia mwanga pembeni, kisichofaa kwa mgonjwa. Nikatoboa kwa msumari bati la madini ya risasi la betri ya gari, miale ipite katundu kadogo tu, jiwe nyuma yake, filamu nyuma ya jiwe. Tukapiga mara nyingi, tukingoja bomba la mashine lipoe kila mara. Alinifukuza chumba cha giza kwa sababu sikuacha kuuliza kama tayari.

Ijumaa, 25 Machi

Filamu ninayo. Katikati duara jeusi, na kulizunguka madoa madogo yaliyopangika kama punje kwenye gunzi. Kila doa ni safu za atomu zilizorudisha mwale. Hakuna doa lililopasuka mawili. Jiwe ni moja! Zima! Bi Edina aliishika dirishani muda mrefu kuliko picha za vifua.

"Basi huyu kapona," akasema.

Nimetembea kurudi nikiimba. Sijaimba tangu nioe na kuachwa.

Jumapili ya Mitende, 27 Machi

Redio imejaa msako. Walanguzi, wahujumu uchumi, wafichao bidhaa. Wote wakamatwe. Hapa kijijini mgambo wameshaanza kupekua nyumba za barabarani.

Shemeji yangu Nzowa, mume wa dada, mwenye duka Tunduma, amefika akiwa kijivu usoni. Hakuketi.

"Shemeji, lile jiwe lako kila mtu analijua. Wanasema ni almasi. Wengine wanasema lina dhahabu tumboni. Litoe humu ndani."

Nikacheka. Nikamwambia ni jiwe la takataka, thamani yake haifiki kipande cha sabuni. Akasema hata sabuni siku hizi watu wanafungwa nayo. Mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Aliacha kupepeta.

Tunduma, Jumanne, 29 Machi

Nimekuja kutafuta tiketi ya kurudi Dar. Treni ya Jumanne ijayo ndiyo nimepata, mapema haipo. Nimezunguka mji mzima kwa kukosa pa kuweka miguu. Maduka yamefungwa. Mtaroni kuna vitenge vipya vya Zambia, vimelowa, vimetupwa na wenyewe kwa kuogopa msako. Watu wanavipita wakitazama mbele, hakuna anayeinama.

Treni ya mizigo imepita kutoka Zambia na mabehewa ya shaba. Nimesimama mpaka behewa la mwisho. Shaba yote ile, na mimi nabishana na dunia juu ya mistari miwili ndani yake. Jiwe nimeliacha nyumbani chini ya kitanda, nimelifunga kwenye taulo. Ningelibeba.

Isansa, Jumatano, 30 Machi

Amelivunja.

Mama yangu amelivunja. Kwa kisogo cha shoka, uani, juu ya gunia. Taulo lilikuwa limekunjwa vizuri kitandani. Nilimuuliza mara tatu nikidhani sijaelewa Kinyiha chake.

"Jiwe likivunjika limevunjika, basi. Mtoto akifungwa, hujui atarudi lini."

Vipande viko wapi? Hasemi. Nikauliza tena. Akasema nikijua, nikiulizwa nami nitasema, uso wangu haujui kuficha. Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mamaye, kwamba ameua kazi yangu, kwamba hajui alichokishika. Majirani wamesikia. Alichota maji, akaanza kupika.

Nimetembea mpaka mtoni na kurudi, na mtoni tena. Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Jana mgambo walikuja, wanne. Walikwenda moja kwa moja chini ya kitanda changu. Wamemwaga magunia ya mahindi, wamedunga dari kwa vijiti, wamepima choo kwa mti mrefu. Mkubwa wao nilisoma naye darasa la nne, hakunitazama. Hawakupata kitu. Kwa jirani walipata mabati kumi yasiyo na risiti, wakaondoka naye amefungwa mikono. Mkewe bado analia, namsikia hapa ninapoandika.

Kwa hiyo Mama alikuwa sahihi. Sijamwomba radhi. Nashindwa kuanza. Filamu ya Bi Edina ninayo ndani ya Biblia, walidhani ni picha ya kifua. Picha ipo, jiwe halipo.

Leo wanawake wote wako makaburini wanang'oa majani, wanapaka chokaa, wanapanga mawe meupe. Ndivyo kanisa letu linavyofanya kabla ya Pasaka. Mama ameshinda huko.

Pasaka, Jumapili, 3 Aprili

Alfajiri, makaburini. Tunaimba tukiwa tumesimama kati ya wafu wetu tukingoja jua, kama kila mwaka. Baridi, umande mpaka magotini. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani: muhula, turubai, chumba. Sikusikia mahubiri.

Jua likatoka nyuma ya mibuni. Makaburi yote yana mawe meupe, na mawe meupe hayarudishi mwanga hivyo. Kaburi la Baba liliwaka. Mahali kama kumi, pakali, pa kuumiza macho.

Mama hakugeuka. Aliendelea kuimba sauti ya pili.

Watu walipoondoka nikapiga magoti. Vipande amevipachika kwenye udongo kati ya mawe ya kawaida, mgambo wangevipita hivyo hivyo, nani apekue kaburi wiki ya Pasaka? Vingi vimevunjika ovyo, kama chupa. Kimoja, cha ukubwa wa kidole gumba, kina upande mmoja ulionyooka, uso ule ule wa asili. Na fuwele haina katikati wala pembeni. Safu zilizo kwenye jiwe zima zimo kwenye kipande. Nalijua hilo tangu chuo, nalifundisha kila mwaka, na siku nne sikulikumbuka kwa hasira.

Kipande kidogo kitarudisha miale michache. Kipimo cha shaba nilichozoea kukipata kwa siku moja kitachukua wiki, pengine mwezi. Nikae mwezi mzima kusubiri mstari.

"Kinafaa?" Mama aliuliza.

Nikasema kinafaa. Halafu nikasema yale mengine niliyoshindwa kuanza, magoti yangu bado yako chini. Alinipangusa udongo mabegani. Alisema nisichukue vyote, Baba amependeza.

Nimechukua kimoja.

Tunduma, stesheni, Jumanne, 5 Aprili

Wanakagua kila abiria. Mbele yangu mama mmoja amenyang'anywa sukari.

Kijana wa mgambo alifungua begi langu, nguo, vitabu, filamu. Akakuta kitambaa cha Mama, akakifungua, akakiinua kipande juani.

"Hiki nini, mzee?"

"Jiwe la kaburi la baba yangu."

Akakishusha. Alikifunga upya, akakunja pembe zote nne, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole sana," alisema.

Treni imechelewa, hawasemi itafika saa ngapi. Nimepata nafasi kwenye benchi, ukutani. Kipande kiko mfuko wa shati. Nimekaa.