Pikipiki Iliyoshonwa kama Kibuyu

Parkdale, Toronto
Juni 9

Wifi yangu Nyaboke,

Mungu ametuamsha salama, na maombi yenu tunayaona. Mahindi niliyopanda kwenye ndoo pale roshani yameota. Jirani anadhani ni maua.

Habari kubwa ni ya kaka yako. Tangu karatasi za uhamiaji zimzuie kuja huko kumzika mama, alikuwa hasemi, wifi. Anakula, anashukuru, kisha anashuka gerejini kukaa na pikipiki yake kuukuu, ile ya safari ndefu yenye ganda kubwa la plastiki mbele la kukinga upepo na mvua. Ganda lenyewe lilikuwa limepasuka. Mwezi uliopita akaniambia, "Hili dude nalitupa."

Nikamuuliza, "Kibuyu cha mama yako kikipasuka, alikuwa anakitupa?"

Akasema, "Alikuwa anakishona."

"Basi shona."

"Kwa uzi gani, Kemunto? Hii ni plastiki!" Akacheka! Miezi saba nimeomba nikisikie hicho kicheko.

Tukatoboa vitundu, tukashona kwa waya. Jumapili tukaipanda kwenda kanisani Mississauga, mvua ikatukuta njiani. Maji yaligonga ganda yakapita pembeni, vifua vyetu vikavu, na kaka yako akaanza kunisimulia habari za mama. Nilisikia kila neno. Viatu tu ndivyo vilivyolowa.

Jumamosi atakupigia simu. Usimwulize kwa nini alinyamaza. Mwulize alivyoishona pikipiki. Mengine atayasema mwenyewe.

Anayewaombea kila asubuhi,
Kemunto