Mstari wa Pembeni Umenikimbia

4 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba hata kabla hujaniamkia. Mimi mzima kama chuma, nawe je, baridi ya huko ugenini inakuonea?

Sikiliza. Mjomba wako shule niliichungulia dirishani tu, lakini nilikuwa nachapa kabla meneja wetu hajaota meno. Sasa wametuwekea programu mpya ya kuandikia, nayo imenificha ule mstari wa pembeni kulia, wa kuburuta kwa kipanya ili kurasa zipande na kushuka. Haupo! Nashuka kwa kitufe cha mshale, mstari mmoja mmoja, kama mtu ashukaye ghorofa kumi kwa makalio.

Tarehe 27 kuna mtihani: faili la kurasa mia mbili, makosa yametawanywa humo, saa moja. Atakayeshindwa anaondolewa kwenye meza ya uchapaji, anawekwa mlangoni kugawa namba kwa wateja. Mimi! Niliyemchapia waziri hotuba mpaka akalia mwenyewe akiisoma!

Wewe ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo. Nitibie hii mashine. Na wenzangu nao wakome kunisogezea kikombe cha chai kulia; wiki hii nimekimwaga mara tatu.

Mjomba wako,
Vidole Moto

6 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo, kazi tu. Pole na chai.

Usihangaike. Programu za siku hizi huuficha ule mstari mpaka usogeze kipanya. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mwonekano, uchague uonekane wakati wote. Ukikosekana, ongeza upana, kisha uupe rangi kali, maana kijivu juu ya nyeupe hupotea. Gusa kompyuta yako peke yake, Mjomba. Nakujua.

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

U hali gani? Mimi mzima, ofisi ndiyo mgonjwa.

Nilifuata maneno yako yote. Nilipoona kwangu hakuna kitu, nikasema basi ugonjwa ni wa ofisi nzima. Nikawahi asubuhi, nikazitengeneza kompyuta zote nane: upana wa mwisho, rangi ya njano. Wenzangu walipoingia, kelele! Mama Mihuri, jirani yangu wa meza, akanifokea: "Wewe mzee, umetuwekea reli ya treni kwenye skrini! Maneno yangu yapite wapi?"

"Reli iko wapi, dada? Nioneshe."

"Si hiyo hapo kwako! Unanifanya mjinga?" Akanirushia kifutio. Meneja kaniandikia onyo.

Kwangu bado haupo. Programu mbovu hii, nitumie nyingine.

Mjomba wako asiyeshindwa

12 Machi

Shikamoo Mjomba,

Uzima upo, ila leo sikucheka.

Programu si mbovu. Mama Mihuri ameuona mstari kwenye skrini yako, wewe hukuuona. Mstari uko kulia. Kikombe nacho huwa kulia. Tafadhali keti, kaza macho katikati ya skrini, usigeuze shingo. Yeye asimame kulia kwako anyanyue vidole, wewe uhesabu. Kisha nenda kwa daktari wa macho, kesho, si keshokutwa.

Na kama unaihofia kazi, njoo ukae kwangu. Chumba kipo.

Mpwa wako

20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Siku nane kimya. Kasirika, lakini kasirika kwa maandishi.

Mpwa wako akupendaye

30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe. Mimi mzima robo tatu.

Vidole nilivihesabu. Nikabahatisha: "Vitatu." Mama Mihuri akanyamaza, na yule mama hanyamazi hata akimeza. Alikuwa amenyanyua mikono yote miwili.

Daktari anasema ni presha ya macho. Uoni wa upande wa kulia uliokwisha haurudi. Uliobaki unalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Nikanuna. Nilikuchukia wewe, daktari na rangi ya njano. Kisha nikageuza shingo yote kama bundi, nikauona huo mstari. Mnene! Mwanamke wa watu alikuwa na haki ya kurusha kifutio.

Kuja kwako? Ahsante, sitaki. Ukingo wa skrini haunifukuzi mezani. Nimelipunguza dirisha la programu lisijaze skrini. Ukingo wake wa kulia umeishia katikati, na mstari uko puani pangu. Nauburuta nitakavyo.

Mtihani nimekuwa wa tatu kati ya wanane. Meneja akaja: "Mzee, hongera, lakini nimesikia habari za macho. Utakwenda mlangoni tu."

"Siendi," nikamwambia. "Mtihani umeuweka wewe, nami nimeushinda. Ukitaka kunihamisha, nipe barua."

Basi akaandika barua kwa mkono. Kuchapa hajui, mpwa wangu! Na kwa utaratibu wa ofisi, kazi yake huchapwa na aliye huru. Aliyekuwa huru ni mimi. Akaileta, jasho linamtoka. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nimeichapa kwa dakika nne. Alikuwa na makosa saba, nimemnyooshea yote. Pale alipoandika kwamba mhusika hawezi tena kazi ya uchapaji, nikamwekea na koma aliyoisahau. Chini kabisa nikaandika, kama tufanyavyo kwa kila barua: Imechapwa na Vidole Moto. Nikampelekea aitie sahihi.

Akaisoma mpaka chini. Akanitazama. Akaikunja, akaitia mfukoni.

Leo siku ya tatu hajaitoa, nami nakuandikia nikiwa mezani kwangu.

Mjomba wako